Buibui wa Mlango na Watu Waliomtaka Chupani

Mwaka juzi, mwanzoni mwa Novemba, mvua zilipokuwa zimeanza kulainisha ardhi, bomba la maji nyuma ya nyumba yetu ya Rosettenville lilipasuka. Fundi alikuja na kijana wake, wakachimba mtaro kutoka ukutani hadi kwenye mita. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 12, alisimama pembeni akitazama kila koleo linavyoinuka. Katika koleo mojawapo palitokea kitu kama soksi chafu: mfuko mrefu wa hariri ulioshikana na udongo, na mdomoni mwake kifuniko kinene, karibu ukubwa wa sarafu ya randi 5. Ndani ya mfuko huo alikuwamo buibui mweusi, mnene, anayeng'aa kama kiatu cha shule siku ya Jumatatu.

Yule kijana aliinua buti amkanyage. Mdogo wangu akamwahi kwa kopo la siagi ya karanga. Mama, ambaye alizaliwa Muheza na hapendi mdudu wa aina yoyote, alitamka kwamba kiumbe yule hatalala ndani ya nyumba yake. Usiku ule kiumbe yule alilala juu ya friji.

Tulikaa naye siku 19. Tulimtilia udongo wa chungu cha maua, tukanyunyiza maji, tukamtupia mende. Hakuchimba hata mara moja. Alizunguka akipapasa ukuta wa kopo, kisha akakaa wazi juu ya udongo kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Siku ya 19 tulimkuta amekunja miguu chini ya mwili. Mdogo wangu alimzika pale pale ulipopita mtaro, na kile kifuniko, ambacho alikuwa amekitunza ndani ya kiberiti, akakiweka juu yake.

Nilipoahidi makala ya historia kwa toleo hili, mwenyekiti wetu bila shaka alitegemea kitu cha Zanzibar au cha njia za misafara. Samahani, mwenyekiti. Kila toleo lina Zanzibar. Mimi nilitaka kujua jambo moja: je, kuna watu waliowahi kumfuga buibui wa namna hii wakafaulu, na kama wapo, walijua nini ambacho sisi hatukukijua? Swali hilo lilinitoa Rosettenville likanipeleka Ufaransa ya karne ya 19, Cape Town, Grahamstown na Australia, na mwisho likanirudisha kwenye milima ambayo Mama aliiona kila asubuhi akiwa mtoto.

Kwanza suala la jina, kwa sababu walimu wetu wataniuliza. Kamusi nilizonazo hazina neno la buibui huyu. Waafrikana humwita valdeurspinnekop, yaani buibui wa mlango unaoanguka. Mimi nitasema buibui wa mlango, na atakayepata neno zuri zaidi kutoka kwa bibi yake alilete klabuni. (Mama aliposikia kwamba naandika makala kuhusu buibui, alidhani ni lile vazi jeusi la wanawake wa pwani, akafurahi sana. Furaha haikudumu.)

Mhadhiri mmoja wa zoolojia aliitazama picha ya marehemu wetu akasema jenasi ni Stasimopus. Spishi hakuthubutu kuitaja bila darubini. Stasimopus ni buibui wa Afrika Kusini hasa. Kwa miaka mingi wataalamu waliwaweka katika familia ya Ctenizidae pamoja na jamaa zao wa mbali wa mabara mengine, mpaka mwaka 2020 utafiti wa vinasaba ulipowapa familia yao wenyewe, Stasimopidae. Jike huchimba shimo la kwenda chini, hulipaka ukuta wa hariri, na juu hutengeneza kifuniko cha udongo na hariri, tabaka juu ya tabaka, chenye bawaba ya hariri upande mmoja. Ukingo wake umechongwa kwa mshazari hivi kwamba kinaingia mdomoni mwa shimo kama kizibo kinavyoingia kwenye chupa. Ukijaribu kukiinua kwa ncha ya kisu utahisi mtu anavuta kutoka ndani: amekishika kwa meno na miguu ya mbele, na mwili ameubana ukutani. Usiku hukiinua kidogo na kusubiri. Mdudu akipita karibu, huchomoka, hunyakua, hurudi. Safari yake yote ya kuwinda ni kama urefu wa kidole.

Sasa nije kwa wafugaji.

Mtu aliyewapa buibui hawa historia iliyoandikwa vizuri hakuwa profesa. Alikuwa kijana mgonjwa. John Traherne Moggridge, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1842, alikuwa na mapafu mabovu, na kama matajiri wengi wa wakati ule alikwenda kupitisha majira ya baridi Menton, kusini mwa Ufaransa, penye jua na bahari. Huko hakuwa na kazi ila kutembea polepole na kutazama chini. Aliona chungu wakibeba mbegu, na aliona vifuniko vya buibui kwenye kingo za mashamba ya ngazi. Mwaka 1873 alichapisha mjini London kitabu kuhusu chungu wavunaji na buibui wa mlango, na mwaka uliofuata akakiongezea nyongeza. Mwaka huohuo wa 1874 alifariki, akiwa na umri wa miaka 32.

Moggridge alitofautisha vifuniko vinene vilivyo kama kizibo na vile vyembamba kama kaki, na alichora mashimo yaliyopasuliwa katikati mpaka unaona chumba chote. Alichimba buibui pia, akawaleta nyumbani awatazame wakiwa hai. Lakini jaribio lake ninalolipenda kuliko yote alilifanya palepale nje. Alikuta mlango uliofunikwa na kuvumwani, ule ujani mfupi laini wa mahali penye unyevu, katikati ya kuvumwani nyingine, kwa hiyo haukuonekana kabisa. Akauondoa mlango, na akaiparua ardhi yote ya kandokando ikabaki tupu. Buibui akajenga mlango mpya. Akaenda kutafuta kuvumwani, akaibandika juu ya mlango kama zamani, na sasa kulikuwa na duara la kijani katikati ya udongo mtupu, linaloonekana kwa mtu yeyote anayepita.

Watu wa wakati ule walilichukua jaribio hilo kama ushahidi kwamba buibui hafikiri, anafuata desturi tu. Labda. Mimi nilipolisoma nilimkumbuka Mama anavyotundika kanga zilezile za Tanga kwenye madirisha ya Rosettenville, ambako hakuna dirisha jingine lenye kanga, na kila mgeni wa mtaa akajua ni nyumba ya nani. Sijui kama hiyo nayo ni kutofikiri.

Kwa makala hii jambo la maana ni kwamba Moggridge aligundua mapema tatizo ambalo sisi tulikutana nalo juu ya friji. Buibui huyu hana maisha mbali na shimo lake. Ukimtoa, hujamchukua mnyama ukaacha nyumba. Umechukua nusu ya mnyama. Watoto wake ni tofauti: wakitoka katika shimo la mama yao, kila mmoja huchimba kishimo chake chembamba chenye mlango mdogo kabisa, na kadiri anavyokua hukipanua na kukiongezea kifuniko tabaka. Ufundi wa kujenga anao tangu utotoni. Kinachomshinda mzee ni kuanza upya.

Hapa Afrika Kusini historia ilianza upande mwingine, yaani upande wa spiriti. William Frederick Purcell, aliyezaliwa London mwaka 1866 na kukulia kwenye shamba la Bergvliet karibu na Cape Town, aliingia Makumbusho ya Afrika Kusini mwaka 1896, akafanya kazi huko mpaka 1905. Katika miaka hiyo michache aliwapa majina ya kisayansi buibui wengi wa mlango. Mwaka 1903 aliitambulisha jenasi ya Galeosoma, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya ajabu kuliko zote: jike ana tumbo lililokatika ghafla kwa nyuma na kuwa gumu kama ngao. Akivamiwa, hukimbilia ndani kichwa mbele, na ngao yake ya nyuma hubaki imeziba shimo. Yeye mwenyewe ni mlango wa pili.

Baada ya Purcell akaja John Hewitt. Huyu alikuwa ametokea Sarawak, alikosimamia makumbusho, akafika Pretoria kwenye Makumbusho ya Transvaal mwaka 1909, na mwaka 1910 akachukua uongozi wa Makumbusho ya Albany huko Grahamstown, mji ambao leo unaitwa Makhanda. Alikaa katika kiti hicho mpaka 1958. Mwaka 1910 ndipo alipomwelezea Stasimopus robertsi, spishi ya huku kwetu Gauteng, na inawezekana, nasema inawezekana tu, kwamba ndiye aliyelala juu ya friji yetu.

Orodha ya majina ya Stasimopus ni kama orodha ya wageni kwenye karamu ya wakati ule: purcelli, robertsi, schoenlandi, schreineri, patersonae, na leipoldti, jina la ukoo wa Leipoldt wa Clanwilliam. Wataalamu walitajana wao kwa wao, na marafiki waliowaletea chupa. Nimeyapitia majina ya wakati ule mara kadhaa nikitafuta jina la Kixhosa, Kisotho au Kitswana la mtu fulani. Kuchimba buibui wa mlango katika udongo mkavu ni kazi ya sururu na mgongo, na katika nchi hii, mwaka 1910, sote tunajua sururu ilikuwa mkononi mwa nani. Majina yaliyoingia kwenye vitabu ni ya wenye chupa.

Mtu atasema kuweka kwenye spiriti si kufuga. Kweli. Lakini kazi ile ya chupa ndiyo inayoeleza kwa nini mpaka leo tunajua mengi kuhusu sura ya buibui hawa na machache kuhusu maisha yao. Kumtambua buibui wa mlango barabara kunahitaji dume aliyekomaa, na dume ni mtu wa kupita: akikomaa huacha shimo, hutembea baada ya mvua akitafuta majike, na hafiki mbali kabla ya kufa. Jike hukaa. Jike ndiye anayefika miaka mingi, na ndiye aliyetoka ardhini mara moja, akatumbukizwa, akaandikiwa karatasi yenye jina la shamba au kituo cha reli, basi. Chupani umri wake ulisimama siku ileile, na aliyemweka humo hakuwa na njia ya kujua ulikuwa umefika wapi.

Aliyejua alikuwa mwanamke mmoja wa Australia, ambaye alifuga kwa njia ya ajabu: hakumtoa mtu nyumbani kwake.

Barbara York Main alizaliwa mwaka 1929 na kukulia kwenye eneo la mashamba ya ngano la Australia Magharibi. Mwaka 1974 alianza kufuatilia buibui wa mlango wa spishi ya Gaius villosus kwenye kipande kidogo cha msitu uliobaki katikati ya mashamba, mahali panapoitwa North Bungulla. Njia yake ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Kila alipoona kishimo cha mtoto aliyetoka kujitenga na mama yake, alichomeka kigingi chenye namba. Kisha alirudi. Mwaka baada ya mwaka alirudi, akapiga magoti, akatazama kila mlango: uko sawa, umeongezwa ukubwa, umeharibika, umekufa. Kwa kuwa spishi hii jike huishi katika shimo moja maisha yake yote, wala hahamii shimo la mwingine, kigingi kikisimama kando ya mlango mzima, ni yuleyule.

Mmoja wa wale wa mwanzo alikuwa namba 16. Wenzake walikufa, watoto wao wakakua, York Main mwenyewe akazeeka na wanafunzi wake wakaanza kumsaidia kuhesabu, na mlango namba 16 bado ulikuwa unafunguka usiku. Mwishoni mwa Oktoba 2016, mtafiti Leanda Mason alifika akakuta kifuniko kimetobolewa. Nyigu wa vimelea alikuwa ameingia. Namba 16 alikuwa na miaka 43. Taarifa ilichapishwa mwaka 2018, na dunia ikajua kwamba huyo ndiye buibui aliyeishi muda mrefu kuliko buibui wote waliowahi kupimwa umri. Rekodi ya zamani ilikuwa miaka 28, ya buibui mkubwa mwenye manyoya wa Meksiko aliyefugwa ndani. York Main alifariki mwaka 2019.

Sitaki kuficha kwamba nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Miaka 43! Tulimchimbua buibui wetu kwa koleo la fundi bomba tukamtia kwenye kopo la siagi ya karanga, na hatukuwahi kujiuliza ana umri gani. Jike mkubwa kiasi kile huenda alikuwa amekaa nyuma ya nyumba ile kabla mdogo wangu hajazaliwa. Huenda alikuwapo hata siku Mama alipohamia na masanduku yake mawili.

Kuna upande wa soko pia. Buibui wa mlango hakuwa kamwe kipenzi cha wengi, kwa sababu moja ya wazi: haonekani. Unanunua buibui, unapata duara la udongo. Aliyetakiwa sokoni ni binamu yake mkubwa wa manyoya, yule ambaye Waafrikana humwita bobbejaanspinnekop. Biashara yake ilifikia mahali ambapo mwaka 1987 jimbo la Transvaal liliziingiza jenasi tatu za buibui hao, Ceratogyrus, Harpactira na Pterinochilus, katika orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria yake ya hifadhi ya mwaka 1983. Kanuni za taifa za mwaka 2007 kuhusu spishi zilizo hatarini na zinazolindwa ziliwataja tena haohao. Buibui wa mlango hawakutajwa. Sheria nayo ina macho kama ya mnunuzi: huona kinachotoka nje.

Na hapa ndipo Mama aliponisaidia bila kutaka. Nilimsomea jina Pterinochilus murinus, nikamweleza kwamba wafugaji wa Ulaya na Marekani wanampenda sana mwenye rangi ya chungwa, na kwamba wanamwita Usambara. Akaacha kukata mboga. "Usambara ipi?" akaniuliza. Ile ile, Mama. Ile unayosema ukifungua dirisha unaiona. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba akiwa mtoto waliwaogopa, wakakanyaga wengi, na hakuna aliyewaambia kwamba kuna Mzungu anayewalipia. Nikamweleza kwamba mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Akasema afadhali. Halafu akasema, "Lakini na huko walikozaliwa ndani ya visanduku, nao ni wa Usambara?" Nimeliandika swali lake kama alivyolisema. Sina jibu, na nadhani watu wa klabu hii, ambao nusu yetu tumezaliwa mbali na mahali tunapoitwa tunatoka, tunaweza kulijadili mpaka chai ipoe.

Nirudi kwenye ufugaji wenyewe, kwa sababu najua kuna wasomaji wataruka yote hayo wafike hapa. Watu wanaofaulu leo wamejifunza kwa gharama ya buibui wengi, na ujuzi wao kwa ufupi ni kinyume cha kila tulichofanya sisi.

Anza na mtoto aliyezaliwa kwa mfugaji. Usianze na jike mzee aliyechimbuliwa. Chombo kiwe kirefu kwenda chini, upana si muhimu; mnyama huyu anahesabu kina. Udongo wa chungu cha maua haufai, ni mwepesi na wa nyuzinyuzi, shimo linaporomoka. Sisi tulimpa mchanganyiko wa kuoteshea mchicha tukashangaa hachimbi. Unahitaji udongo wenye mfinyanzi na mchanga, ulioshindiliwa kwa ngumi tabaka baada ya tabaka, wenye unyevu chini na mkavukavu juu. Kisha mchimbie kianzio, tundu la upana wa mwili wake, kwa kijiti au penseli, umwelekeze humo. Akikubali, atalikamilisha usiku, na asubuhi utakuta mlango. Mwachie vijiti na majani makavu juu, naye atavitumia kuupamba mlango ufanane na mazingira yake, kwa ile desturi ya Menton. Nyenje mdogo au mende mara moja kwa wiki au mbili. Maji unamwaga ukingoni ili yashuke, hummwagii mlangoni.

Baada ya hapo kazi yako ni kutofanya kitu, na hiyo ndiyo inayowashinda watu. Buibui anaweza kuufunga mlango kwa hariri miezi mizima: anajivua gamba, au ana mayai, au anaona ukame. Mfugaji mgeni huingiwa na wasiwasi akachimbua aone kama yu hai. Anamkuta yu hai, na amekwisha kumharibia nyumba. Yule mhadhiri aliniambia kwamba wengi wa buibui hawa huuliwa na udadisi wa wanaowapenda. Mdogo wangu alikuwapo aliposema hivyo, akatazama viatu vyake. Haikuwa haki, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa natikisa kopo kila jioni nione kama anasogea.

Neno moja kuhusu Rosettenville, ili msidhani kwamba nimeutaja mtaa wetu kwa mapambo tu. Watu hudhani huku kusini kwa Johannesburg ni vilima vya taka za migodi na matofali. Ni mtaa ulioanzishwa katika miaka ya mwanzo kabisa ya mji wa dhahabu. Hapa ilikuwapo shule ya St Peter's, alikosoma na kufundisha Oliver Tambo, na chuo cha theolojia alikosoma Desmond Tutu. Padri Trevor Huddleston, aliyeishi kwenye nyumba ya watawa wa hapa, baadaye alikuwa Askofu wa Masasi, kwa hiyo Kiswahili na Rosettenville vilijuana kabla yetu. Wakaja Wareno wa Madeira na wa Msumbiji. Wakaja Wakongo, Wanaijeria, Wamalawi, na sisi. Chini ya wote hao, katika vipande vya ardhi ambavyo havijamwagiwa zege, mtu mwingine alikuwa anakaa na mlango wake umefungwa.

Februari 2017 nyumba kadhaa zilichomwa moto mtaani kwetu. Waliozichoma walisema ni nyumba za dawa za kulevya na ukahaba, na wageni wengi ambao hawakuwa na hili wala lile walilala macho. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka Mama amekaa chini sebuleni, mgongo wake umeegemea mlango, miguu ameikaza kwenye kabati la viatu, na mdogo wangu amelala mapajani mwake. Nilikuwa nimesahau mkao ule kabisa. Aliyenikumbusha ni Mama mwenyewe, nilipokuwa namwonyesha mchoro wa buibui aliyeshika kifuniko kutoka ndani. Aliutazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Huyo namjua," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Tangu wakati huo hajawahi kusema neno baya kuhusu mambo ya mdogo wangu. Na mdogo wangu anayo mambo. Mwaka 1997 watafiti wa nchi hii, wakiongozwa na Ansie Dippenaar-Schoeman, walianzisha uchunguzi wa kitaifa wa buibui na jamaa zao, na moja ya vitu vilivyousaidia ni watu wa kawaida kuleta picha na mahali walipoziona. Mdogo wangu alipolisikia hilo aliniomba nimpeleke kwenye nyasi za wazi kusini mwa mtaa. Tulikwenda Jumamosi sita bila kuona chochote. Macho hayajui yatafute nini. Unatazama ardhi na ardhi inakutazama. Jumamosi ya saba, baada ya mvua, aliona mstari mwembamba wa duara kwenye udongo, kama mtu amebonyeza ukingo wa kikombe. Hakuugusa. Alichomeka kijiko cha plastiki kando yake, mpini chini, na kwenye kijiko ameandika 1.

Sasa viko vinne. Namba 3 haujafunguka tangu Mei. Tumeuwekea uzi mwembamba wa nyasi juu ya kifuniko na uzi bado uko palepale. Anasema ni baridi tu. Nilipendekeza tuinue kidogo kwa ncha ya kisu tuhakikishe, akanikatalia kwa sauti ambayo sikuijua kwamba anayo.

Wanachama wanaokaa kusini mwa Johannesburg, au popote penye nyasi ambazo hazijajengwa, mkiona duara la namna hiyo mniandikie tarehe, mahali, na kama mvua ilikuwa imenyesha. Picha iwe na sarafu kando yake kwa kipimo. Buibui mwenyewe mwacheni alipo, na atakayeleta kopo klabuni atajibizana na mdogo wangu.